Ng'ombe wa Kupigwa Picha

Rafaeli Amnaay alikuwa na tabasamu la kazini. Alilipata katika hoteli moja ya watalii juu ya mji wa Karatu, alikofanya kazi miaka mingi ya kutandika vitanda na kukunja mataulo yakafanana na tembo. Hoteli ilipopunguza wafanyakazi wakati wa korona, alirudi nyumbani na kiinua mgongo, mataulo mawili meupe ambayo hakuna aliyemwuliza ameyapataje, na tabasamu lile lile. Mkewe Ritha alilijua vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kutabasamiwa hivyo. Lilikuwa la wageni. Gari la watalii likikunja kona kuingia kwao, tabasamu linawaka. Likiondoka, linazimwa, na Rafaeli anauliza kwa sauti ya kawaida kwa nini chai imepoa.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ipandayo kwenda geti la Ngorongoro, na hiyo ndiyo iliyomfungua macho. Kila asubuhi magari yalipita yamejaa watu waliotoka mbali kuja kuangalia wanyama, na Rafaeli akajiuliza kwa nini watu hao waishie kuangalia nyati, wakati nyuma ya nyumba yake angeweza kuweka mnyama wa kushikwa. Akatoa kiinua mgongo, akanunua ng'ombe chotara wa maziwa, mweupe mwenye mabaka meusi, mpole kama mgonjwa wa usingizi. Akampa jina la Biuti. Kisha akaandika kibao kwa rangi nyekundu akakiweka barabarani: Shamba la Biuti, Karibuni Mkamue.

Na kweli walikuja. Edson, kijana wa jirani aliyekuwa akiongoza watalii na kusema Kijerumani vizuri kuliko wengi wanavyosema Kiswahili, alikuwa akiwasimamisha hapo nusu saa kabla ya kwenda kreta. Mgeni mmoja baada ya mwingine alikalishwa kwenye kigoda, akashikishwa chuchu, akavuta, akapiga kelele ya furaha maziwa yakiruka kwenye viatu, akapigwa picha. Wengine walikuwa wametoka kujipaka mafuta ya jua. Wengine walikuwa wamemchezea mbwa. Hakuna aliyenawa, kwani kumwambia mgeni anawe mikono ni kumwambia ni mchafu, na Rafaeli hakufundishwa hivyo hotelini. Yeye alifuta kiwele kwa taulo jeupe kabla ya mgeni wa kwanza, akalikung'uta, akafuta tena kabla ya mgeni wa mwisho. Taulo lilikuwa lile lile tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili lilifuliwa, kwa heshima ya siku.

Walikuwa na ng'ombe wengine wawili. Kijivu alikuwa mzee na hakuwa na maneno. Asante alikuwa wa Ritha. Mama yake Ritha, aliyekuwa akiishi kijiji cha Daa, alimpa akiwa ndama, na Ritha alimlea kwa mikono yake, akamkatia majani, akakesha naye usiku wa kuzaa, na sasa alikuwa na uzao wake wa kwanza. Katika nyumba ile viti vilikuwa vya Rafaeli, redio ilikuwa ya Rafaeli, hata paka aliitwa paka wa Rafaeli. Asante ndiye kitu pekee ambacho Ritha angeweza kukitaja kwa neno "wangu" bila mtu kukohoa.

Lakini kukamua kulikuwa kazi ya Rafaeli, na Rafaeli alikamua kwa cheo. Biuti alikuwa wa kwanza siku zote. Aliona ni jambo la adabu, kama karamu ya harusi: huwezi kuwapakulia watoto wa jirani kabla ya bibi harusi. Akimaliza kwa Biuti, kwa mikono hiyo hiyo, taulo hilo hilo na kopo hilo hilo la mafuta ya kukamulia, alihamia kwa Kijivu, halafu kwa Asante.

Msimu wa watalii ulipokuwa unachanganya, chuchu ya nyuma ya Biuti, upande wa kulia, ikaanza ukorofi. Kiwele upande ule kikawa kigumu na cha moto. Maziwa yakatoka na chembechembe kama mtindi uliokatika, siku nyingine majimaji ya rangi ya njano. Rafaeli alichukua hatua ya haraka: aliwaelekeza wageni wavute chuchu za kushoto.

Kisha akaanza kutibu. Alikanda kwa maji ya chumvi. Alipaka magadi. Alipoona hayasaidii, akaenda duka la dawa za mifugo akamweleza muuzaji kwa mikono jinsi uvimbe ulivyo, akapewa penisilini na sindano. Akachoma jana, akachoma leo. Uvimbe ukalegea, akaacha, akaweka chupa juu ya kabati. Baada ya muda uvimbe ukarudi. Akashusha chupa, akachoma, ukalegea, akaacha. Ritha alimwuliza kama muuzaji hakumwambia amalize dozi. Rafaeli akamjibu kwamba dozi ni ya mgonjwa, na mtu akipona si mgonjwa tena. Alilisema kwa utulivu wa mtu ambaye hajawahi kujibiwa.

Maziwa ya siku za sindano aliendelea kuyauza. Hapa sina mzaha. Mtu anayejua kwamba ametia dawa mwilini mwa ng'ombe jioni, na asubuhi anamiminia watoto wa watu maziwa ya ng'ombe huyo huku akisema ni fresh, huyo si mjanja wa mjini. Ni mkosaji, hata kama anaimba kwaya. Na Rafaeli alikuwa anaimba, sauti ya besi.

Aliyemshika alikuwa Doreen, mama wa mgahawa karibu na stendi, aliyekuwa akinunua maziwa yao na kugandisha mtindi. Sufuria ya kwanza haikuganda akadhani ni baridi ya Karatu. Ya pili haikuganda akalaumu mbegu ya mtindi. Ya tatu ilipobaki maji yenye harufu, alipanda nayo bodaboda, akaishika mapajani njia nzima, akaja akaitua mbele ya mlango wa Rafaeli.

"Meneja," alimwita, kwa lile jina walilompa mtaani, "maziwa yako yamekunywa nini?"

Rafaeli akawasha tabasamu. Akasema labda ni majani mapya anayowalisha. Doreen akamwambia kwamba yeye amegandisha mtindi tangu hajaolewa, na kitu pekee kinachoua mbegu namna ile ni dawa ya sindano, kwa kuwa mtindi nao ni kazi ya vijidudu, ila vile vyema, na dawa haichagui. "Usinitabasamie," akaongeza. "Mimi si mtalii." Akaondoka, na sufuria yake akaiacha pale pale mlangoni ioshwe na aliyeichafua. Aliiosha Ritha.

Siku iliyofuata Ritha alikwenda mwenyewe kumwita Scholastika, afisa mifugo wa kata. Scholastika alikuja na pikipiki yake, akavaa glavu, akamkamua Biuti kidogo kwenye sahani ya kupimia, akachanganya na dawa, maziwa yakawa mazito kama uji wa mgonjwa. Akachukua sampuli kwenda maabara Arusha. Majibu yalipotoka, alirudi, akakaa na mume na mke barazani, akaeleza polepole kama anayejua atahitaji kueleza tena.

Alisema bakteria wa kiwele wako wa namna nyingi. Wako wanaokaa kwenye kinyesi na matope ya banda. Hao hukimbizwa kwa kusafisha banda na kuweka majani makavu. Wako wanaosikia penisilini, wakipewa dozi kamili wanakwisha. Lakini wa Biuti alikuwa stafilokokasi, na huyo hatoki bandani; husafiri kwa mikono ya mkamuaji, kwa kitambaa, kwa kopo la mafuta. Akishaingia ndani ya kiwele hujichimbia, nyama inajenga kovu kumzunguka, na dawa inapita nje kama askari asiye na ufunguo. Zile sindano za kukatiza katiza zilikuwa zimempa mazoezi tu. Biuti hatapona. Ataonekana kupona, na kila akionekana kupona atakuwa anawaambukiza wengine.

"Huyu aondoke kundini," alisema. "Na asiuzwe kwa mfugaji. Siku za dawa zikiisha mwilini, aende machinjioni, akapimwe, awe nyama. Mpaka siku hiyo akamuliwe wa mwisho, na watalii wasimguse."

Rafaeli alimsikiliza na tabasamu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Madam, nashukuru. Lakini huyu si ng'ombe kama hao wengine. Huyu ana wateja."

Scholastika alipoondoka, Rafaeli alimwambia mkewe kwamba madam yule ni mtoto wa juzi, amesoma vitabu, hana hata mbuzi. Ritha akasema maabara nayo haina mbuzi. Mazungumzo yakaishia hapo, na kesho yake Biuti akakamuliwa wa kwanza, na Waitaliano saba.

Ritha alianza kufanya jambo moja kwa siri. Scholastika alimwachia sahani nyeusi, na kila asubuhi kabla mumewe hajaamka alikuwa akienda kwa Asante, ananawa kwa sabuni, anavuta matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya sahani, anaangalia. Maziwa yalikuwa safi, meupe juu ya weusi. Hadi asubuhi moja kwenye chuchu ya mbele kulia palipotoka kijibonge kidogo kama punje ya mchele. Akavuta tena. Kikatoka kingine. Alikaa pale akakiangalia kile kijibonge, na Asante akageuza shingo kumwangalia yeye.

Scholastika hakumficha. Asante ni mdogo, uambukizo ni mpya, ni sehemu moja. Hapa kutibu kuna maana. Ziko dawa za kuingizwa kwenye chuchu, zipigwe mpaka dozi iishe, maziwa ya siku zote hizo na zile zinazofuata yamwagwe. Lakini ni kazi bure kama Biuti yupo na mikono ni ile ile. Utamtoa bakteria Jumatano, Asante atarudishiwa Alhamisi.

Ritha akamwambia mumewe usiku ule ule. Rafaeli akasema Biuti ataondoka msimu ukiisha. Tena amekwishapata mtu: Senteu, mfugaji wa upande wa Ngorongoro, aliwahi kupita akamsifia yule ng'ombe, na angependa kuwa na mmoja wa kisasa kwa ajili ya maziwa ya watoto.

"Utamwambia anaumwa?" Ritha aliuliza.

"Wale wana dawa zao za miti."

"Utamwambia, Baba Sifa?" Ritha akarudia.

Rafaeli akasema mnunuzi ana macho. Hapo Ritha alielewa kwamba mumewe hakuwa amekosa kusikia maneno ya Scholastika. Alikuwa ameyasikia yote, akayapanga vizuri kichwani, akatafuta ndani yake mahali pa kupata faida.

Alimfikiria Asante, na watoto wa Senteu ambao hakuwajua. Alijaribu njia za halali. Alimwomba katekista azungumze na mumewe; katekista akazungumza, akapewa lita mbili za maziwa, akarudi akisema Rafaeli ni mtu muungwana. Alimwomba shemeji yake mkubwa kutoka Endabash. Shemeji akaja, akapiga picha na Biuti.

Ndipo Ritha akamwendea Edson. Alikuwa amemjua mumewe miaka mingi, na alijua kitu kimoja kuhusu yeye ambacho Scholastika hakukijua: Rafaeli hakuwahi kupingana na mgeni. Hotelini, mgeni akisema kitanda kimetandikwa vibaya, kimetandikwa vibaya. Mgeni akisema saa ni saba na ni saa nane, Rafaeli alirudisha mkono wa saa nyuma.

Edson alicheka mwanzo. Kisha Ritha akamweleza kuhusu Asante na kuhusu Senteu, akaacha kucheka. "Dada, hilo nitalifanya," alisema, "ila dhambi tugawane nusu kwa nusu." Uongo ni uongo, na sitauita jina lingine kwa sababu tu ulisemwa na mtu mwema. Lakini ninaweka kumbukumbu kwamba ukweli ulikuwa umeshapanda kwa Rafaeli na pikipiki mara mbili, ukakaribishwa chai.

Wajerumani walifika siku ya jua kali. Miongoni mwao alikuwamo mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe na mikanda ya suruali mabegani, na Edson alipomwona aliona huyu anafaa. Alimwambia Rafaeli pembeni kwamba yule ni profesa wa ng'ombe, mashuhuri kwao, na kwamba haongei hovyo. Rafaeli akakaza mgongo. Akamletea kigoda kabla ya wote.

Mzee hakukaa. Alimwangalia Biuti kwa muda mrefu, uso umekunjamana. Kisha akainama kwa Edson akasema maneno machache kwa sauti nzito. Alichouliza, Edson alimwambia Ritha baadaye, ni choo kiko wapi.

Edson alimgeukia Rafaeli akatafsiri. Profesa anasema ameona kiwele. Anasema ugonjwa huu anaujua, kwao pia uko, na kwao ng'ombe wa namna hii haponi. Anachinjwa. Hauzwi kwa mfugaji mwingine, kwani mwenye kuuza ng'ombe wa namna hii kwao hafikiriwi kuwa mtu. Anasema wengine watibiwe dozi kamili, na mkamuaji anawe, na kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Anasema pia wageni wasikamue.

Rafaeli alikuwa amefungua mdomo. Alimtazama mzee kwa uso wa mwanafunzi. Mzee, aliyekuwa anasubiri jibu lake kwa taabu, alitikisa kichwa kwa nguvu kumhimiza. Edson akamwonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba, na mzee akaenda huko kwa haraka, ameinamisha kichwa.

"Ameumia," Rafaeli alisema taratibu. "Anawapenda ng'ombe kweli. Amekwenda kulia."

Ritha aliingia jikoni akashika ukingo wa meza, acheke bila kusikika.

Basi yale ambayo afisa mifugo hakuyaweza kwa miezi, yalifanyika. Biuti alitengwa siku hiyo hiyo. Siku za dawa zilipoisha, gari la machinjioni likaja, na Rafaeli alimpandisha mwenyewe, akamfuta kichwa kwa taulo jeupe, kisha taulo akalitia motoni kwa sherehe kama bendera ya taifa lililoshindwa. Senteu alipopita kuulizia, aliambiwa kwa sauti ya juu kwamba ng'ombe yule alikuwa mgonjwa, na kwamba kwao Rafaeli mtu mwaminifu hawezi kuuza ng'ombe mgonjwa. Senteu alishukuru sana. Alisema watu wa namna hiyo wamebaki wachache.

Scholastika alimtibu Asante dozi yote. Lakini majuma yaliyopotea yalikuwa yamepotea. Sehemu moja ya kiwele ilikauka, ikasinyaa, chuchu ikabaki ikining'inia kama kidole cha glavu tupu. Tatu zilibaki salama. Ritha alimwaga maziwa ya siku za dawa kwenye shimo nyuma ya banda, ndoo kwa ndoo, na hakuna aliyemwambia anapoteza.

Alimsimulia Scholastika jinsi ilivyokuwa, akitegemea wacheke pamoja. Scholastika hakucheka. Alikuwa anafunga mkoba wake. "Kwa hiyo mimi nilihitaji ndevu," alisema.

Siku hizi Rafaeli ni mtu wa kuombwa ushauri. Kwenye mikutano ya wafugaji anasimama na kueleza habari za bakteria wanaojichimbia na wanaosafiri kwa mikono, na anataja chanzo: profesa mmoja wa Ujerumani, rafiki yake. Ana picha ya siku ile ukutani, wamesimama wawili na Biuti katikati, mzee akiwa amekunja uso. Watu wanaiangalia picha wanasema ni kweli, huyu anaonekana msomi. Wageni bado wanakuja, wanapiga picha nje ya ua.

Ritha ndiye anayekamua sasa. Alifikiri atamwambia mumewe ukweli Asante akipona, na Asante alipona akaona asubiri kidogo. Juzi Scholastika alikuja kukagua, akamwambia Rafaeli kwamba baada ya kukamua, chuchu zichovywe kwenye dawa ya ayodini, kila siku, bila kukosa, kwa sababu tundu la chuchu linabaki wazi kwa muda.

Rafaeli alisikiliza na tabasamu. Kisha akamgeukia mkewe.

"Hili la ayodini, profesa alilisema?"

Scholastika alikuwa amesimama hapo, glavu mkononi, anamwangalia Ritha. Ritha alimtazama Asante na ile chuchu iliyosinyaa.

"Alilisema," akajibu.

"Basi tutachovya," Rafaeli akasema. Scholastika akavaa kofia yake ya pikipiki, akaifunga kidevuni, akaondoka bila kuaga.